Zamu Kwenye Ndiva: Usalama wa Nyuzi Katika Seva

Mfumo endeshi na mitandao ya kompyuta ni mada ambazo wanafunzi wengi huzisoma mbali mbali, kana kwamba hazijuani. Katika makala haya zinakutana. Tutaangalia seva, yaani programu inayosikiliza maombi ya wateja wengi kupitia mtandao na kuyajibu, halafu tutauliza swali moja: maombi mawili yakigusa takwimu ileile kwa wakati mmoja, kinatokea nini? Swali linaonekana dogo. Ndani yake zimo fedha za watu, na katika mfano mmoja utakaousoma, umo uhai wa watu.

Soma ukiwa na kalamu na karatasi. Mada hii haikaririki.

Uzi ni nini?

Programu inapoanza kufanya kazi, mfumo endeshi huitengea sehemu yake ya kumbukumbu, na hapo huitwa mchakato. Ndani ya mchakato mmoja inaweza kuwapo mistari kadhaa ya utekelezaji inayokwenda kwa pamoja. Kila mstari huo huitwa uzi. Nyuzi zote za mchakato mmoja hutumia kumbukumbu moja, na hapa ndipo matatizo yote yanayofuata yanapoanzia. Michakato miwili tofauti kwa kawaida haiingiliani katika kumbukumbu. Nyuzi mbili za mchakato mmoja husoma na kuandika mahali palepale.

Prosesa ikiwa na kiini kimoja, mfumo endeshi huzipa nyuzi zamu fupi mno, hata mtumiaji anaona kama zinakwenda pamoja. Uzi unaweza kukatizwa katikati ya kazi, mwingine ukaingia. Prosesa ikiwa na viini vinne, nyuzi nne zinakwenda pamoja kwelikweli. Kwako wewe mtahiniwa tofauti hiyo isikusumbue: katika hali zote mbili hujui ni uzi upi utatangulia, na programu inayotegemea bahati ya nani ametangulia ni programu mbovu.

Elfu arobaini iliyopotea

Tuchukue akaunti ya fedha kwenye simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na siku hizi hata mtoto wa darasa la tatu anajua maana ya kutuma na kutoa. Mfano wenyewe nimeubuni kwa ajili ya somo. Mama yuko Same mjini na salio lake ni shilingi 100,000. Baba yuko Dar es Salaam na anamtumia shilingi 40,000 za ada ya mtoto. Dakika hiyohiyo mama yuko kwa wakala anatoa shilingi 30,000. Makato tuyaache kando, ingawa katika maisha yenyewe hayatuachi. Salio sahihi baada ya shughuli zote mbili ni shilingi 110,000.

Kubadilisha salio si tendo moja kama linavyoonekana. Ni matendo matatu: soma salio la sasa, kokotoa salio jipya, andika salio jipya. Uzi A unaweka fedha za baba, uzi B unatoa fedha za mama. Sasa fuatilia mpangilio huu:

A unasoma 100,000.
B unasoma 100,000.
A unakokotoa 140,000.
B unakokotoa 70,000.
A unaandika 140,000.
B unaandika 70,000.

Salio la mwisho ni 70,000. Ada imepotea. Angalia vizuri: hakuna uzi uliokosea hesabu, wala kompyuta haikutoa onyo lolote. Kila uzi ulifanya kazi yake kama ulivyoandikiwa. Kosa liko katika mfuatano, kwa sababu B ulikokotoa kwa kutumia salio la zamani ambalo A alikuwa njiani kulibadilisha. Hali hii huitwa mbio za nyuzi: matokeo yanategemea nani amewahi. Mistari miwili ya mwisho ikibadilishana nafasi, salio linakuwa 140,000, mama ana noti mkononi na hasara ni ya kampuni.

Je, matendo haya sita yanaweza kupangika kwa njia ngapi, ikiwa kila uzi lazima ufuate mfuatano wake wa soma, kokotoa, andika? Jibu ni 20. Anayesoma hisabati ya ziada atalipata kwa kanuni. Asiyesoma na aziandike zote, si kazi ya zaidi ya robo saa. Kati ya hizo 20, zinazotoa 110,000 ni mbili tu: A umalize yote ndipo B uanze, au B umalize yote ndipo A uanze. Njia tisa zinatoa 70,000 na tisa nyingine zinatoa 140,000.

Mwanafunzi makini atauliza: kama njia 18 kati ya 20 ni mbaya, mbona fedha hazipotei kila siku? Swali zuri. Njia hizo hazina nafasi sawa ya kutokea. Matendo matatu ya uzi mmoja huchukua muda mdogo kuliko sehemu ya milioni ya sekunde, kwa hiyo mara nyingi sana mmoja humaliza kabla mwingine hajafika. Mbio hutokea pale maombi yanapobanana. Ndiyo maana kosa la aina hii hufaulu majaribio yote ofisini, likaja kujitokeza mwisho wa mwezi mishahara inapotoka. Mtaalamu akilitafuta kesho yake asubuhi, halipo.

Darasani huwa naita wanafunzi wawili ubaoni. Naandika 10 katikati ya ubao, mmoja aongeze 5, mwingine apunguze 3, lakini kila mmoja asome namba, arudi kwenye dawati lake akokotoe kwenye daftari, kisha ndipo arudi kuandika. Wakiondoka pamoja, ubao hauoni 12 hata siku moja. Jaribuni bwenini, kwa ukuta na kipande cha chaki.

Makosa haya yamewahi kuua. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoitwa Therac-25 ilitoa mionzi ya kupita kiasi kwa wagonjwa katika matukio sita nchini Marekani na Kanada, na baadhi yao walifariki. Moja ya sababu zilizobainika ni kazi mbili ndani ya programu zilizotumia kumbukumbu ya pamoja bila ulinzi: mwendeshaji alipokuwa mwepesi wa kusahihisha alichoandika kwenye skrini, sehemu moja ya programu ilijua marekebisho na nyingine haikujua. Waendeshaji wapya, waliochapa polepole, hawakuliamsha kosa hilo.

Kufuli, na gharama yake

Dawa ya kwanza ni kufuli. Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha suluhisho la tatizo hili mwaka 1965, na wazo lake bado ndilo linalotumika: sehemu ya programu inayogusa takwimu ya pamoja, tuiite eneo nyeti, iingiwe na uzi mmoja tu kwa wakati mmoja. Uzi unaotaka kuingia hushika kufuli. Likiwa limeshikwa na mwingine, unasubiri. Ukimaliza kusoma, kukokotoa na kuandika, unaliachia. Kwa akaunti ya mama, zile njia 18 mbaya haziwezekani tena.

Kufuli lina gharama mbili. Ya kwanza ni kusubiri: uzi unaosubiri haufanyi kazi yoyote, na maombi yakiwa mengi foleni inakua. Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni mkwamo. Tuseme mama anamtumia baba fedha, na wakati huohuo baba anamtumia mama. Uzi wa kwanza umeshika kufuli la akaunti ya mama na unasubiri la baba. Uzi wa pili umeshika la baba na unasubiri la mama. Hakuna atakayeachia, hakuna atakayeendelea. Aliyepanda barabara nyembamba za milima ya Pare amewahi kuona jambo linalofanana na hili: lori la tangawizi linashuka, gari la abiria linapanda, wanakutana kwenye kona, korongo upande mmoja na ukuta wa mlima upande wa pili, na kila dereva anangoja mwenzake arudi nyuma. Tofauti ni kwamba madereva hatimaye huzungumza. Nyuzi hazizungumzi. Njia ya kuzuia mkwamo ni kuweka utaratibu kabla ya safari: kila uzi unaohitaji makufuli mawili uanze na la akaunti yenye namba ndogo, daima.

Uzi mmoja, wateja elfu kumi

Seva nyingi za zamani zilimpa kila mteja uzi wake au mchakato wake. Wateja wakiwa mia moja, hakuna shida. Mwaka 1999 mhandisi wa Marekani, Dan Kegel, aliweka swali wazi: seva moja itawahudumiaje wateja elfu kumi kwa pamoja? Kila uzi hutengewa kumbukumbu yake. Tukisema megabaiti moja tu kwa kila uzi, wateja elfu kumi wanadai takriban gigabaiti kumi, na kazi ya kubadilishana zamu kati ya nyuzi elfu kumi inakula muda wa prosesa.

Siri ni kwamba wengi wa wateja hao hawafanyi lolote kwa wakati fulani. Simu iliyoko bondeni, mtandao ukiwa dhaifu, hutuma ombi lake kwa vipande vipande. Uzi uliopewa simu hiyo umekaa unangoja. Ni sawa na hoteli ya stendi ya Same kumwekea kila abiria mhudumu wake, asimame pembeni ya meza mpaka chipsi ziive. Hakuna mwenye hoteli anayefanya hivyo. Mhudumu mmoja huchukua oda meza ya kwanza, akaipeleka jikoni, akaenda meza ya pili, na jikoni wakigonga sahani anarudi kuchukua.

Seva inayoongozwa na matukio hufanya kazi kama mhudumu huyo. Tukio ni jambo lolote linalohitaji kushughulikiwa: mteja mpya ameunganishwa, data imefika, hifadhidata imejibu, muda uliowekwa umekwisha. Uzi mmoja huzunguka: chukua tukio lililo mbele kwenye foleni, endesha kipande cha programu kinacholijibu, maliza, chukua linalofuata. Huo ndio mzunguko wa matukio. Seva ya nginx, aliyoitoa Mrusi Igor Sysoev kwa umma mwaka 2004, ilijengwa hivyo, na mwaka 2009 Ryan Dahl alileta Node.js iliyowawezesha waandishi wa JavaScript kuandika seva za namna hiyo.

Foleni hiyo tunaifahamu huku kwetu kwa sura nyingine. Ukitoka Same kwa barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, ukifika Makanya milima ya Pare Kusini iko mkono wako wa kushoto. Huko juu, katika vijiji kama Bangalala, wakulima hutumia ndiva, bwawa dogo la asili ya Wapare. Baadhi yake sasa yamekarabatiwa kwa saruji. Kijito kina maji machache. Yakielekezwa moja kwa moja shambani, mfereji huyanyonya kabla hayajafika mbali. Kwa hiyo usiku maji huachwa yajikusanye ndani ya ndiva kwa mwendo wake, na asubuhi hufunguliwa yatoke kwa nguvu, yakapelekwa mashambani kwa zamu. Mwenye zamu akimaliza, maji yanageuziwa shamba linalofuata.

Linganisha. Matukio hutoka kwenye mtandao wakati wowote yanapotaka, kama maji ya kijito. Foleni huyapokea. Upande wa kutokea pana mlango mmoja, na zamu. Ndiva ina ukomo wa ujazo na ikijaa hufurika. Foleni nayo lazima iwe na ukomo, na seva iliyopangwa vizuri ikizidiwa humwambia mteja ajaribu baadaye kuliko kupokea kila kitu mpaka kumbukumbu iishe. Fikiria siku ya matokeo ya kidato cha nne, watahiniwa zaidi ya laki tano pamoja na wazazi, wajomba na walimu wao, wote wanafungua ukurasa mmoja ndani ya saa moja. Mfano huu una mahali unapochechemea: maji yakishaingia ndiva hayana jina, ilhali kila tukio kwenye foleni linabaki na jina la mteja wake.

Sasa rudi kwenye salio la mama. Kama salio liko ndani ya kumbukumbu ya seva yenye uzi mmoja, na kipande cha kujibu tukio kinasoma, kinakokotoa na kuandika bila kusimama, mbio hazipo. Tukio la B haliwezi kuanza mpaka la A limalizike. Umepata usalama bila kufuli hata moja.

Mahali mbio zinaporudi

Hapa ndipo wengi huteleza, hata watu wazima walioajiriwa kwa kazi hiyo. Katika seva halisi salio halikai kwenye kumbukumbu ya programu; liko kwenye hifadhidata, pengine kwenye kompyuta nyingine. Kusoma salio maana yake ni kutuma swali na kungoja jibu. Mzunguko wa matukio haungoji. Kwa hiyo kazi moja hukatwa vipande viwili: kipande cha kwanza kinatuma swali na kumalizika, jibu likirudi linakuwa tukio jipya, na kipande cha pili kinakokotoa na kuandika. Kati ya vipande hivyo viwili, foleni inaendelea kutembea.

Ona kinachoweza kutokea. Kipande cha kwanza cha A kinauliza salio. Kipande cha kwanza cha B kinauliza salio. Jibu la A linarudi: 100,000. Jibu la B linarudi: 100,000. A kinaandika 140,000, B kinaandika 70,000. Ni mpangilio uleule wa mwanzo, na mara hii uzi ni mmoja tu. Na nafasi ya kutokea imeongezeka, maana pengo kati ya kusoma na kuandika sasa ni muda wa safari ya mtandao kwenda na kurudi, ambao ni mkubwa mara maelfu kuliko muda wa prosesa.

Kwa hiyo ukipewa programu ya namna hii, usihesabu nyuzi kwanza. Tafuta kila mahali inapongoja, chora mstari hapo kwa penseli, kisha jiulize: takwimu niliyoisoma juu ya mstari bado ni ya kweli chini ya mstari?

Tiba nzuri ni kutolitoa salio nje kabisa. Badala ya kuuliza salio kisha kuandika jipya, seva iipe hifadhidata agizo moja lisilogawanyika: ongeza 40,000 kwenye salio la akaunti hii. Kwa mama anayetoa fedha: punguza 30,000 ikiwa salio ni 30,000 au zaidi, kisha niambie kama umepunguza. Hifadhidata yenyewe itahakikisha maagizo mawili ya akaunti moja hayaingiliani. Tiba nyingine ni kuipa kila akaunti foleni yake ndogo, ombi la pili lisianze mpaka la kwanza limefika mwisho.

Lipo pia tatizo la kazi nzito. Kipande kimoja kikichukua sekunde tatu kukokotoa, kwa mfano kupunguza ukubwa wa picha, wateja wote wanasimama sekunde tatu, kama vile mhudumu wetu ameingia jikoni kumenya viazi. Kazi hizo hupelekwa kwa nyuzi wasaidizi, na zikiisha majibu hurudi kwenye foleni kama matukio. Foleni hiyo sasa inaguswa na nyuzi zaidi ya moja, kwa hiyo yenyewe lazima iwe salama kwa nyuzi, na uzi msaidizi usiguse takwimu za mzunguko moja kwa moja.

Swali la kujipima

Basi la asubuhi kutoka Same kwenda Dar es Salaam limebakiwa na kiti kimoja. Seva ya kukata tiketi inaongozwa na matukio na ina uzi mmoja. Ombi likifika, seva inaiuliza hifadhidata idadi ya viti vilivyobaki. Jibu likirudi na idadi ikiwa zaidi ya sifuri, inaandika idadi iliyopungua kwa moja na kutoa tiketi. (a) Eleza jinsi abiria wawili wanavyoweza kupata tiketi ya kiti hicho kimoja. (b) Mwanafunzi anapendekeza kuwe na kufuli la kawaida, lishikwe kabla ya kuuliza hifadhidata na kuachiwa baada ya kuandika. Je, seva itafanya kazi?

Jibu la (a) unalo tayari: maombi yote mawili yanauliza kabla ya yoyote kuandika, yote yanajibiwa 1, yote yanaandika 0, tiketi mbili zinatoka. Usiishie kuandika "kuna mbio". Onyesha mfuatano hatua kwa hatua kama tulivyofanya kwa A na B.

Sehemu (b) ni ya kufikiri. Ombi la kwanza linashika kufuli, linauliza hifadhidata, na kipande chake cha kwanza kinamalizika. Ombi la pili linaanza, linakuta kufuli limeshikwa, linasubiri. Lakini anayesubiri ni ule uzi mmoja wa seva nzima. Jibu la hifadhidata likifika litakaa kwenye foleni bila mtu wa kulichukua, kwa hiyo kufuli halitaachiwa kamwe. Seva imekwama, na haikuhitaji nyuzi mbili kukwama. Dawa ya basi hili ni agizo moja: punguza kiti kimoja ikiwa vilivyobaki ni zaidi ya sifuri. Abiria wa pili anajibiwa kwamba basi limejaa, akiwa bado na nauli yake mfukoni.